Ulimi Mzito Mbele ya Jopo

Hotuba kwa wahitimu wa vyuo wanaosubiri kuitwa kwenye usaili, mbele ya wazazi na maafisa utumishi waalikwa

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, maafisa utumishi mlioacha mafaili yenu mkaja kukaa nasi, na ninyi wanangu mliopiga pasi kana kwamba usaili wenyewe ni leo: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimeombwa niseme juu ya kuganda. Mtu amesoma, vyeti halisi anavyo, mchujo ameupita vizuri. Anaingia kwenye chumba cha mahojiano, anaulizwa alifanyia wapi mafunzo kwa vitendo, na papo hapo kichwa kinakuwa cheupe. Koo limekauka, mikono imekuwa ya baridi, na jibu ambalo angelitoa usingizini halionekani lilipo. Nimekaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka mingi. Wengi niliowaona wakiganda hawakuwa wajinga, wala sikuwahesabu waoga. Walikuwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kusema mbele ya wakubwa. Tena tuliwafundisha kinyume chake, nyumbani na shuleni, kwa nia njema kabisa.

Nianze na wazazi, maana hamtanikasirikia. Sisi tuliomaliza vyuo miaka ya themanini, ni wangapi waliosailiwa? Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu. Unamaliza chuo, barua ya kupangiwa kazi inakufuata, unafunga sanduku unakwenda Lindi au Kagera, basi. Mambo yalibadilika miaka ya tisini. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ikaja na ajira za ushindani, na marekebisho yake ya 2007 yakatuletea Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachowasaili waombaji wa kazi za serikali. Walimu ndio waliochelewa kufikiwa: kwa miaka mingi walipangiwa vituo moja kwa moja, na mwaka 2025 nao wakaanza kuitwa kwenye usaili. Kwa hiyo baba anapomwambia binti yake, "Nenda kajibu tu, wewe si umesoma?", anazungumzia kiti ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukikalia. Binti anatoka pale ameganda, anarudi nyumbani, na anaulizwa kwa nini hakusoma vizuri.

Sasa tuje kwenye adabu, na hapa naomba nikae kidogo.

Mtoto wetu mwema ni yupi? Ni yule ambaye wageni wakifika anasalimu, anapisha, ananyamaza. Akiulizwa anajibu kwa ufupi, macho chini. Akianza kueleza alivyokuwa wa kwanza darasani, shangazi anamkata: acha majigambo. Tumemlea kwa methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka ishirini na zaidi ameishi hivyo, na kwa sababu hiyo anapendwa mtaani. Halafu siku moja anavaa suti ya kuazima, anakalishwa mbele ya watu wazima watatu au wanne walio rika la baba yake, na swali la kwanza ni: "Tueleze wewe ni nani, na kwa nini tukuchukue wewe tuwaache walioko nje."

Yaani chema kimetakiwa kijitembeze! Kijana huyu hajakosa jibu. Anayo majibu mawili yanayogombana mlangoni, moja la usaili na moja la shangazi, na wakati yanagombana, ulimi umesimama.

Siwaambii muitupe adabu. Siyapendi mafunzo yale ya kuwafanya vijana waingie wakitangaza kwamba wao ni viongozi wenye maono na wachapakazi wasio na mfano. Jopo limeyasikia hayo tangu asubuhi, kutoka kwa kila mmoja. Njia ipo, nayo haikuvunjii heshima: simulia kazi, usijisifu. Badala ya kusema wewe ni mwaminifu na makini, sema: "Kwenye kituo cha afya nilikofanyia mafunzo, daftari la dawa lilikuwa halilingani na kilichoko stoo. Nilihesabu upya pamoja na msimamizi wangu, tukaona tofauti ilianzia kwenye fomu moja ya mapokezi." Hujajigamba hapo. Umetoa ushahidi, na shangazi hana la kukukatia. Kila mmoja wenu ana visa vitatu au vinne vya namna hiyo, vya shuleni, vya kanisani au msikitini, vya duka la mjomba, vya huko mnakokuita fildi. Visa havipotei kichwani kirahisi, kwa sababu uliviishi. Sifa za kukariri hupotea.

Mara kwa mara vijana huniuliza: nikiingia nitoe shikamoo? Toeni, si kosa. Lakini mwingine huitoa kwa sauti ile ya kitoto, mabega yameshuka, na akishafanya hivyo amejikalisha mwenyewe kwenye jamvi miguuni pa wakubwa. Hata akipewa kiti, kichwani bado yuko jamvini. "Habari za asubuhi, ndugu wajumbe" inatosha, kwa sauti uliyotumia leo kuniambia hujambo.

Kuna na suala la lugha, ambalo tunalizunguka kila siku. Kijana wetu amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza hicho ni cha daftari. Anakiandika kwenye mitihani, chuo kizima anakiandika, na akitoka darasani anarudi bwenini kupiga soga kwa Kiswahili. Mkono wake unajua Kiingereza na mdomo wake haukijui. Akifika mbele ya jopo anapewa kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafuta jibu na kutafuta Kiingereza cha jibu, huku watu wakimtazama. Dawa yake haiko kwenye kitabu kingine cha sarufi. Iko kwenye kusema kwa sauti, hata peke yako ukifua, hadi mdomo uzoee. Na ukikwama kabisa, omba: "Naomba ruhusa nifafanue hoja hii kwa Kiswahili." Baadhi ya majopo yatakubali na mengine yatakataa, lakini aliyeomba bado anazungumza, hajaganda.

Maafisa mlioko hapa, hili nawaambia ninyi. Kama mnamtafuta mtendaji wa kijiji, ambaye mikutano yake yote itakuwa ya Kiswahili chini ya mwembe, sioni sababu ya kumpa alama kwa ufasaha wa Kiingereza. Mnapima kitu ambacho kazi haikihitaji, na mnampoteza mtu ambaye kazi inamhitaji.

Haya, tuingie mwilini. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, Clemens Kirschbaum, Karl-Martin Pirke na Dirk Hellhammer, walichapisha jaribio la maabara. Walitaka njia ya uhakika ya kumtia binadamu mwenye afya msongo, bila kumuumiza, ili wapime homoni zake. Hawakuleta nyoka, wala hawakumwamsha mtu usiku kwa kelele. Walimwambia: jifanye umeomba kazi. Wakampa dakika chache za kujiandaa, wakamsimamisha mbele ya jopo, aeleze kwa dakika 5 kwa nini anafaa. Jopo hilo lilikuwa na nyuso kavu: hakuna tabasamu, hakuna kutikisa kichwa kukubali. Akimaliza, anaambiwa atoe 13 kutoka kwenye 1,022, kisha 13 tena, na tena, kwa sauti, na akikosea aanze upya. Homoni iitwayo kotisoli, iliyopimwa kwenye mate, ilipanda mara 2 hadi 4 ya kiwango cha kawaida. Jaribio hilo bado linatumika katika maabara duniani kote.

Mmelisikia vizuri? Wanasayansi walipotafuta kitu cha kumtikisa binadamu, walichagua usaili wa kazi. Wa kuigiza! Usaili ambao mwisho wake hakuna barua ya ajira wala mshahara. Sasa wewe mwenye mama anayesubiri simu, uliyelala kwenye basi usiku kucha hadi Dodoma, umejigharamia nauli, chakula na malazi kama tangazo linavyosema, unajishangaa kwamba ulitetemeka?

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa ya kukimbilia, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Mate yanapungua, ndiyo maana ulimi unanata. Kotisoli inafuata taratibu, na kilele chake huja dakika 20 hadi 30 baada ya hofu kuanza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika mawazo kadhaa kwa pamoja na kuyapanga, inafanya kazi vibaya wakati huo. Mwili umejiandaa kumkimbia simba, na wewe unautaka ueleze hatua za ununuzi wa umma.

Hizo dakika 20 hadi 30 ziwekeni akilini, kwa sababu ndizo za benchi. Mnalijua benchi, au mtalijua. Mmeambiwa mfike saa moja asubuhi. Kila anayetoka anazingirwa: "Wameuliza nini? Yupi mkali?" Naye, kwa kuwa ametoka jasho, anasimulia kama mtu aliyetoka vitani: yule baba wa katikati hacheki, yule mama anauliza swali juu ya swali. Wewe hujaingia bado na kotisoli imeshapanda ngazi. Msikae pale. Mwachie mtu namba yako, simama kivulini unakoweza kusikia jina likiitwa, tembea polepole. Kula kitu asubuhi, chai na chapati zinatosha. Zile soda za kuongeza nguvu ziacheni. Moyo uliokwisha kwenda mbio hauhitaji kusukumwa. Na msimeze vidonge vya mapigo ya moyo mlivyopewa na jirani, maana kwa mwenye pumu dawa ya aina hiyo inaweza kuwa hatari.

Pumzi husaidia kuliko watu wanavyodhani, ila wengi huivuta vibaya: wanavuta kwa nguvu wakidhani hewa ndiyo imepungua. Kuitoa ndiko kunakotuliza. Vuta kidogo kwa pua, toa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, rudia kwa dakika chache. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alionyesha mwaka 2014 jambo lingine ninalolipenda. Watu waliokuwa wanakwenda kuhutubia au kuimba mbele ya wengine walifanya vizuri zaidi walipojiambia kwamba wana shauku kuliko walipojiambia watulie. Moyo wa mwenye shauku nao unakwenda mbio, kwa hiyo mwili hauoni kwamba unadanganywa.

Sasa niwasute kidogo juu ya kukariri. Najua kuna makaratasi ya maswali ya usaili na majibu yake yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anameza kurasa nzima. Mmewahi kumwona mtoto wa shule anayesoma ngonjera mbele ya mgeni rasmi, akasahau neno moja? Hawezi kuruka hadi ubeti unaofuata. Anarudi mwanzo, anakimbia, anafika palepale, anakwama tena, mwalimu wake anafumba macho. Jibu la kumeza liko hivyo hivyo: neno moja likidondoka, lote linakwenda nalo. Na jopo halisomi swali kama lilivyo kwenye karatasi yako. Shikeni hoja, maneno yaacheni yaje siku yenyewe.

Je, ukishaganda? Kwanza jua kwamba haionekani kama unavyodhani. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya watu wanaohutubia: wazungumzaji waliamini hofu yao inaonekana wazi, kumbe wasikilizaji waliiona kidogo tu. Na walioelezwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Basi nimeshawaeleza. Mimi mwenyewe niliyekaa pale nawathibitishia: sauti ya moyo wako haivuki meza. Sekunde kumi za kimya, ambazo kwako ni mwaka, kwangu zilikuwa nafasi ya kumalizia kujaza alama za aliyetangulia.

Kwa hiyo zitumie. Sema, "Naomba nirudie swali nihakikishe nimelielewa," kisha lirudie kwa maneno yako. Mara nyingi ukilitamka tu, mlango unafunguka. Kama kuna karatasi, andika neno kuu la swali. Kama kuna maji, kunywa. Bado? Sema wazi, "Wazo limenikimbia kidogo, naomba sekunde chache nijipange." Sijawahi kuona mjumbe akipunguza alama kwa sentensi hiyo. Nimeona wakipunguza kwa mtu aliyeanza kubwabwaja lolote ili kufukuza ukimya. Halafu anza na kitu ulichokifanya kwa mikono yako, hata kidogo. Nadharia itakuja ikifuata. Na swali usilolijua, sema hulijui, ueleze ungelitafutia wapi. Likishapita limepita. Wengi hawaangushwi na swali la pili waliloganda. Wanaangushwa na la tatu, la nne na la tano, kwa sababu bado wanalilia la pili.

Vitabu vyetu vyote viwili, vya msikitini na vya kanisani, vinatueleza kwamba Musa alipotumwa kwa Farao alilalamikia ulimi wake. Mungu hakumdharau kwa hilo, wala hakutafuta mwombaji mwingine. Alimpa Haruni amsaidie kusema. Tatizo letu ni kwamba Sekretarieti hairuhusu kuingia na Haruni.

Ndiyo maana nawageukia tena wenye meza. Ndugu zangu, ule uso mkavu mnaouvaa mkidhani ni heshima ya ofisi ndio huohuo ulioandikwa kwenye maelekezo ya jaribio la Trier, na kule uliwekwa makusudi ili kumvuruga mtu. Mkiuvaa, mnapima nani anavumilia nyuso kavu. Kwa kazi fulani kipimo hicho kina maana, kama ya mpelelezi au mwendesha mashtaka. Kwa mtunza kumbukumbu, hapana. Itikieni salamu. Mwambieni kuna maswali mangapi na muda gani. Swali la kwanza liwe ambalo hakuna asiyeweza kulijibu. Kisha ulizeni wote maswali yaleyale, na alama ziandikwe papo hapo kwenye fomu. Msizikumbuke jioni mkila. Wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 na kuzichapisha mwaka 1998. Usaili wenye mpangilio wa namna hiyo ulitabiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya hapa na pale. Na kama kazi ni ya mikono, usaili wa vitendo upo kwenye utaratibu wetu. Mpeni fundi maabara darubini mwone vidole vyake vinavyosema.

Kuna wachache ambao nisiwadanganye kwamba pumzi na mazoezi vitatosha. Mtu ambaye kila anapotazamwa anatetemeka, hawezi kula mbele za watu, amekwepa mitihani ya kuzungumza tangu sekondari, huyo si wa usaili tu. Aende hospitali ya rufaa ya mkoa, aulizie huduma ya afya ya akili, na tuache ile dhihaka ya kwamba anayekwenda huko ni wa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Mwenye kigugumizi cha kuzaliwa naye aliambie jopo mapema, anapokaa tu, kwa sentensi moja. Atakuwa ametua mzigo kabla ya kuanza safari.

Namalizia na shughuli ya mchana, kwa sababu sikuja kuhutubia peke yake. Mwaka 1995 Kirschbaum na wenzake waliwarudishia wanaume 20 jaribio lile kwa siku 5. Kwa 13 kati yao kotisoli ilipanda sana siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili ikashuka. Kwa wale 7 waliobaki iliendelea kupanda kila siku. Maana yake ni kwamba wengi wenu mnahitaji kuingia kwenye chumba kile mara ya kwanza mahali ambapo hakuna kinachopotea, ili siku ya Dodoma iwe ya pili au ya tatu.

Kwa hiyo baada ya chakula meza ile ndefu itavutwa mbele. Maafisa watatu wamekubali kukaa, na nimewaomba wasitabasamu hata kidogo. Nimewaruhusu kesho warudie ubinadamu wao. Kila mtu dakika tano, swali la kwanza ni lile linalogombana na shangazi: "Tueleze wewe ni nani." Wengine mtakaa na kutazama, maana kutazamwa ndiko kunakotisha. Tukimaliza orodha tunarudi mwanzo na maswali mengine, na raundi hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka hasa, kwa hiyo asiondoke mtu baada ya ya kwanza. Wazazi mnakaribishwa kubaki, ila msiwasaidie kujibu. Mwenyekiti ana orodha ya majina kwa alfabeti, na nimemwomba aanzie chini, kwa kina Zainabu na Zakaria, ambao maisha yao yote wamezoea kungoja mwisho.